Wilaya ya Shule ya Lake View: Ilishinda Kesi, Kisha Ikafutwa

Kila tunapofundisha mada ya uendeshaji wa shule za umma nchini Marekani, neno la kwanza linalowababaisha wanafunzi wetu ni "wilaya". Mtanzania akilisikia neno hilo humfikiria mkuu wa wilaya, halmashauri, hospitali na barabara. Wilaya ya shule ya Marekani haina lolote kati ya hayo. Ni chombo cha umma kilichoundwa kwa ajili ya shule peke yake, chenye mipaka yake, akaunti yake, wafanyakazi wake na bodi ambayo kwa kawaida huchaguliwa na wakazi, na mara nyingi mipaka hiyo haifuati ya mji wala ya kaunti. Bodi ndiyo inayomwajiri msimamizi mkuu wa shule, ndiyo inayoidhinisha ajira za walimu, na ndiyo inayowapelekea wapiga kura maombi ya kuongeza kodi. Katiba ya shirikisho haitaji elimu hata mara moja, kwa hiyo kila jimbo limejipangia mambo yake: Hawaii ina wilaya moja kwa jimbo zima, wakati Texas ina zaidi ya 1,000.

Katika mwaka wa masomo 1939–40 nchi hiyo ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 117,000. Leo zimebaki zaidi kidogo ya 13,000. Barabara za lami na mabasi ya shule yaliwezesha watoto kusafirishwa mbali, mashine za kilimo zikapunguza watu mashambani, na wataalamu wa utawala wa elimu (kundi ambalo nami nimo, kwa hiyo nasema bila kujitoa) wakashikilia kwa miongo kadhaa kwamba shule kubwa ni bora kuliko ndogo. Wilaya nyingi zilizobaki vijijini ni ndogo sana: shule mbili au tatu katika kiwanja kimoja, na msimamizi mkuu ambaye si ajabu kumkuta akiendesha basi asubuhi dereva anapokosekana.

Ili kueleza kwa nini wilaya za namna hiyo huishi kwa wasiwasi, nitaitumia moja, Lake View, iliyokuwa katika Kaunti ya Phillips, jimbo la Arkansas, kwenye tambarare za pamba kando ya Mto Mississippi. Makazi ya Lake View yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wa serikali ya Rais Franklin Roosevelt, kama mradi wa serikali wa kuwapa ardhi wakulima Weusi waliokuwa wakilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Shule, kwa hiyo, haikuwa jengo la kusomea tu. Ilikuwa taasisi ya umma ambayo watu waliowahi kunyimwa kura na ardhi waliisimamia wenyewe.

Tatizo lake lilianzia kwenye kodi. Shule za umma za Marekani hupata fedha kutoka mifuko mitatu: serikali ya shirikisho, ambayo kwa kawaida hutoa takriban senti kumi tu katika kila dola, serikali ya jimbo, na wilaya yenyewe kupitia kodi ya ardhi na majengo. Huo mfuko wa tatu ndio unaotenganisha wenye nacho na wasio nacho. Katika Arkansas, mali hukadiriwa kodi kwa asilimia 20 ya thamani yake sokoni, na tangu marekebisho ya katiba ya jimbo ya mwaka 1996 kila wilaya hulazimika kutoza walau senti mbili na nusu kwa kila dola ya makadirio hayo. Chukua nyumba ya dola 50,000. Makadirio yake ni dola 10,000, na kodi ya shule ni dola 250 kwa mwaka. Sasa chukua kiwanda cha dola milioni 50 katika wilaya jirani: hicho peke yake hulipa dola 250,000, sawa na nyumba elfu moja za namna ile. Kiwango cha kodi ni kilekile na wakazi wanajibana vilevile, lakini kapu moja linajaa na jingine halifuniki hata kitako. Jimbo hujazia pengo, na ugomvi wote uko hapo: lijazie mpaka wapi?

Mwaka 1992 Lake View iliishtaki serikali ya jimbo. Haikwenda mahakama ya shirikisho, na ilikuwa na sababu. Mwaka 1973, katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba Katiba ya nchi haitoi haki ya msingi ya elimu inayoweza kuibatilisha mifumo ya kodi ya namna hiyo. Tangu hapo, mwenye dai la fedha za shule huelekea kwenye katiba ya jimbo lake. Katiba ya Arkansas inalitaka jimbo lidumishe mfumo wa shule za umma ulio wa jumla, unaofaa na wenye ufanisi, na ni kwenye maneno hayo machache mawakili wa Lake View walipojishikiza.

Hakimu wa kwanza aliwapa haki mwaka 1994. Jimbo likapewa muda wa kujirekebisha, sheria zikabadilishwa, lakini utafiti wa kujua elimu ya kutosha inagharimu kiasi gani, ambao sheria ya jimbo yenyewe iliutaka, haukufanyika. Kesi ikarudi, ikapanda, na tarehe 21 Novemba 2002 Mahakama ya Juu ya Arkansas ikatoa hukumu ambayo nawashauri wanafunzi wangu waisome kabla ya kitabu chochote cha uchumi wa elimu. Ndani yake yumo mwalimu wa hisabati wa Lake View, pekee kwa masomo yote ya hisabati ya sekondari. Hakuwa na leseni ya kufundisha somo hilo. Alilipwa dola 10,000 kwa mwaka kama mwalimu wa kushikiza nafasi, na dola 5,000 nyingine kwa kuendesha basi la shule. Darasa lake la trigonometria halikuwa na kikokotoo cha kila mwanafunzi, na la jiometria halikuwa na bikari. Kati ya mbao zake nne, moja tu ndiyo iliyoandikika. Printa haikufanya kazi, karatasi zilikuwa haba, na mashine ya kudurufu iliharibika mara kwa mara hata mitihani ikabidi iandikwe ubaoni kwa chaki.

Mwalimu wa kijijini Tanzania akiisoma orodha hiyo hatashangaa sana, na huenda akatabasamu kwa uchungu. Ila mahakama haikuilinganisha Lake View na vijiji vya nchi nyingine. Iliilinganisha na wilaya nyingine za Arkansas, pamoja na ahadi ya katiba, ikaona kwamba jimbo limeshindwa kutimiza wajibu wake.

Lake View ilikuwa imeshinda. Bunge la jimbo likaitwa kwenye kikao maalumu mwishoni mwa 2003, na kikao hicho kikazaa mambo mawili kwa mkupuo. Fedha ziliongezwa kweli: kodi ya mauzo ya jimbo ikapandishwa kutoka asilimia 5.125 hadi 6, na ruzuku ya msingi ikawekwa dola 5,400 kwa kila mwanafunzi. Jambo la pili lilikuwa Sheria Na. 60, iliyoagiza kwamba wilaya yoyote yenye wanafunzi pungufu ya 350 kwa miaka miwili mfululizo iunganishwe na nyingine. Gavana Mike Huckabee alitaka kizingiti kiwe 1,500. Wabunge, ambao wengi wao walikuwa na wilaya ndogo nyuma yao, walikubali 350, naye akaiacha sheria ipite bila saini yake. Kwa hiyo namba 350 ilipatikana kwa kuvutana bungeni, na ni vizuri ikumbukwe hivyo kila inapotajwa kana kwamba ni kipimo cha kitaalamu.

Hoja ya wenye kuunganisha, hata hivyo, si ya kupuuzwa. Ruzuku ya kichwa kwa kichwa huibana wilaya ndogo kwa namna isiyoonekana mpaka upige hesabu. Tuseme wilaya imepoteza wanafunzi 12 kwa sababu mashamba mawili makubwa yamenunua mashine mpya na vibarua wamehama. Kwa dola 5,400 kila mmoja, bajeti imepungua dola 64,800. Lakini hao 12 walikuwa wametawanyika katika madarasa 13, kuanzia chekechea hadi darasa la 12. Hakuna darasa lililofungika, hakuna mwalimu aliyezidi, basi linapita njia ileile kwa mafuta yaleyale. Mapato yamepungua na matumizi yamebaki palepale. Nasi tuna hesabu ya jinsi hiyo: ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi Tanzania hukokotolewa kwa idadi ya wanafunzi, na shule yenye watoto 150 inahitaji ofisi, choo na mlinzi kama yenye 900. Tofauti kubwa ni kwamba mshahara wa mwalimu wetu hulipwa na Hazina, kwa hiyo shule yetu ndogo inaweza kukosa chaki au mwalimu, lakini haiwezi kufilisika. Wilaya ya shule ya Marekani inaweza.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kutibu maradhi mawili kwa dawa moja. Mahakama ilisema watoto wa Lake View hawapati elimu ya kutosha. Bunge likasikia pia kwamba Lake View ni ndogo. Sheria yenyewe iliunganisha uongozi, si lazima majengo. Lakini bodi mpya ndiyo iliyokabidhiwa uamuzi wa shule ipi ibaki wazi, na katika bodi hiyo kijiji kilichomezwa huwa na kura chache kuliko kilichomeza. Mzazi wa Lake View aliyezoea kumkuta mjumbe wa bodi kanisani Jumapili na kumweleza kuhusu choo kinachovuja sasa alihitaji usafiri, muda na ujasiri wa kuzungumza mbele ya watu wasiomfahamu. Gharama hiyo haimo katika kitabu cha hesabu cha jimbo lolote.

Mwaka 2004 pekee idadi ya wilaya za Arkansas ilishuka kutoka zaidi ya 300 hadi karibu 250. Baadaye jimbo lenyewe lililegeza msimamo: sheria ya mwaka 2015 iliziruhusu wilaya zinazoshuka chini ya 350 kuomba zisamehewe kuunganishwa, mradi zioneshe kuwa fedha zake na matokeo ya wanafunzi wake yako sawa. Shirikisho nalo limekuwa na mpango wa ruzuku kwa wilaya za vijijini, zikiwemo zenye mahudhurio ya wastani chini ya wanafunzi 600, unaoziachia uhuru zaidi wa kuamua matumizi.

Lake View haikuufikia ulegevu huo. Julai 2004 iliunganishwa na wilaya ya Barton-Lexa, na bodi yake ikakoma. Kesi yenyewe iliendelea kusikilizwa, kwa kuwa mahakama ilitaka kuona kama fedha zilizoahidiwa zinaendelea kutolewa, na wilaya nyingine zikashika nafasi ya mlalamikaji. Ilipofungwa tarehe 31 Mei 2007, jalada lilikuwa bado limeandikwa Wilaya ya Shule ya Lake View Na. 25 dhidi ya Huckabee, ingawa Huckabee alikwisha kuondoka madarakani mwezi Januari na wilaya hiyo ilikuwa na miaka karibu mitatu tangu ifutwe.