MCA hana greda

Uwanja wa mtaa ukigeuka jalala na bembea kubaki vyuma vitupu, lawama zote humwendea MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti: "Amekula pesa ya uwanja." Lakini pesa hiyo haikai mfukoni mwake. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, bunge la kaunti hutunga sheria, hupitisha bajeti na kuimulika serikali ya kaunti. Kutoa zabuni na kumlipa mkandarasi ni kazi ya gavana na maafisa wake (ingawa siku ya kukata utepe, MCA humkosi jukwaani). Nairobi ina wadi 85, kila moja ikivutia kwake. Basi muulize MCA wako swali linalombana: uwanja wetu umo kwenye bajeti? Kama umo, nenda City Hall, makao ya serikali ya kaunti, ukaulize mbona greda halijafika.