Betri ya vanadiamu: umeme unaokaa kwenye matangi

Aliyewahi kuwa na betri ya gari, au ya sola zile za zamani, anayajua maji ya betri. Unafungua vifuniko sita vidogo, unachungulia, ukiona sahani za risasi zimeanza kutokeza juu ya maji unaongeza. Yakikurukia shati, baada ya siku mbili shati lina matundu. Maji hayo yamefungiwa ndani ya boksi pamoja na sahani zake, na akiba ya umeme haiwezi kuzidi ukubwa wa boksi. Ukitaka akiba zaidi, unanunua boksi jingine, sahani zake na yote.

Sasa chukulia maji yale yametolewa nje ya boksi na kuwekwa kwenye matangi mawili makubwa. Pampu inayavuta, inayapitisha kwenye mashine, kisha yanarudi tangini. Jua likiwa kali na umeme ni mwingi, mashine inauingiza kwenye maji. Usiku ukifika, maji yaleyale yanapita tena na mashine inautoa. Hiyo ndiyo betri ya mtiririko, na pale ambapo kilichoyeyushwa ndani ya maji hayo ni vanadiamu, inaitwa betri ya vanadiamu.

Kwenye habari za nishati betri hii hupewa jina la "mbadala wa lithiamu". Jina hilo linapotosha. Linamfanya mtu afikirie kwamba siku moja simu yake au pikipiki yake ya umeme itakuwa na vanadiamu, na hilo halitatokea, kwa sababu ya uzito tu. Lithiamu ni ya vitu vinavyotembea. Vanadiamu inatakiwa mahali pamoja, palipo na uwanja wa kuweka matangi, kwa kazi ya kubeba umeme wa jua au upepo kwa saa nyingi. Zinakutana kwenye kazi moja tu, ya kuhifadhi umeme wa gridi, na hapo ndipo kuna cha kulinganisha.

Vanadiamu yenyewe ni metali ya kijivu, namba 23 kwenye jedwali la elementi. Sehemu kubwa ya inayochimbwa duniani huishia kwenye chuma cha pua, yaani feleji. Kiasi kidogo tu kikichanganywa, nondo ya ujenzi inakuwa imara zaidi. Kwenye betri sifa yake ni nyingine. Ikiyeyushwa kwenye asidi inaweza kukaa katika hali nne, kutegemea imepoteza elektroni ngapi, zile chembe ndogo zinazobeba umeme, na kila hali ina rangi yake. Iliyopoteza elektroni mbili ni zambarau, tatu ni kijani, nne ni buluu, tano ni njano.

Kuna jaribio la maabara linaloonyesha jambo hili vizuri. Mwalimu anachukua chupa yenye myeyusho wa njano wa vanadiamu, anatia unga wa zinki, anaanza kutikisa. Njano inafifia na kuwa kijani, kwa kuwa buluu imeanza kuchanganyika nayo. Akiendelea kutikisa, chupa nzima inakuwa buluu. Kisha kijani tena, safari hii kijani halisi kilichokolea, na mwisho kabisa zambarau. Hakuna rangi iliyoongezwa. Zinki inatoa elektroni zake, vanadiamu inazipokea, na kila elektroni moja inayoingia inabadilisha rangi. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake hahitaji kuelezwa mara mbili elektroni ni nini.

Betri inafanya kazi hiyohiyo, ila kwa kwenda na kurudi. Tangi la upande chanya linaanza na buluu, la upande hasi linaanza na kijani. Wakati wa kuchaji, mashine inaiondolea buluu elektroni moja, nayo inageuka njano. Elektroni hiyo inapita kwenye waya hadi upande wa pili, inapokelewa na kijani, nayo inageuka zambarau. Kwa hiyo betri iliyojaa ni njano tangi moja na zambarau tangi jingine. Ukiwasha taa, friji na pampu ya maji, elektroni zinarudi zilikotoka kwa kupitia vyombo hivyo, na matangi yanarudi kuwa buluu na kijani. Ndani ya mashine, pande mbili zimetenganishwa na utando mwembamba unaoruhusu chembe za haidrojeni zipite ili chaji isawazike, huku ukijitahidi kuizuia vanadiamu isivuke.

Nimesema ukijitahidi, kwa sababu hakuna utando unaozuia kabisa, na hapa ndipo penye akili kubwa ya betri hii. Miaka ya 1970 shirika la anga la Marekani, NASA, lilifanyia kazi betri ya mtiririko yenye chuma upande mmoja na kromiamu upande wa pili. Kila mzunguko, chuma kidogo kilivuja kwenda kwenye kromiamu na kromiamu kwenye chuma, na matangi yakawa yanachafuana. Kwenye betri ya vanadiamu pande zote mbili ni kitu kimoja. Vanadiamu ikivuja inakuta vanadiamu mwenzake. Unapoteza chaji kidogo, lakini hakuna kilichochafuka. Fundi anasawazisha matangi na kazi inaendelea.

Aliyeifikisha hapo ni Profesa Maria Skyllas-Kazacos na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, miaka ya 1980. Mwanamke huyu alizaliwa kisiwani Kalymnos, Ugiriki, akahamia Australia na familia yake akiwa mtoto. Wazo la kutumia vanadiamu pande zote mbili lilikwisha kusemwa na watu wengine, lakini lilikuwa limewekwa kando, kwani vanadiamu ya njano haiyeyuki vya kutosha ukianza na unga wake. Kundi la Sydney halikuanza na unga huo. Lilianza na chumvi ya buluu, ambayo inayeyuka kwa wingi, kisha likaigeuza njano humohumo ndani ya maji kwa umeme. Njano hiyo ikabaki imeyeyuka.

Rangi hizo ndizo zilizoipa metali hii jina tangu mwanzo. Mwaka 1801 huko Mexico, Andrés Manuel del Río aliigundua ndani ya jiwe la risasi, na kwa wingi wa rangi za chumvi zake akaipa jina lenye maana ya rangi zote. Mkemia mmoja wa Ufaransa alipopima sampuli yake akasema hiyo ni kromiamu tu, na del Río akakubali na kuyafuta madai yake. Mwaka 1830 Nils Gabriel Sefström wa Sweden akaikuta tena, na ikaitwa kwa jina la Vanadis, mungu wa kike wa uzuri katika imani za kale za watu wa kaskazini. Del Río alikuwa sahihi muda wote ule. Kila ninaposoma habari hiyo namhurumia.

Turudi kwenye hesabu, maana bila hesabu mtu hawezi kuamua. Uniti moja ya umeme, yaani kilowatisaa moja, ileile unayonunua kwa tokeni au LUKU, inahitaji takriban lita 40 za myeyusho wa vanadiamu. Hayo ni madumu mawili ya lita 20, moja upande chanya na moja upande hasi. Na si mepesi kama maji. Yote mawili kwa pamoja yanazidi kilo 50. Seli za lithiamu za kubeba uniti hiyohiyo moja zinaingia kwenye mkoba wa shule. Ukishaiona tofauti hii, suala la simu na pikipiki limekwisha.

Lakini angalia upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Kwenye betri ya vanadiamu, nguvu na akiba ni vitu viwili vilivyotengana. Nguvu inatoka kwenye mashine, akiba iko kwenye matangi. Mashine ya kilowati 5 yenye madumu 20 itakupa kilowati 5 kwa saa mbili. Ukiongeza madumu yakawa 80, mashine ileile itakupa kilowati 5 kwa saa nane, usiku mzima karibu. Hukununua mashine nyingine, umenunua matangi na kilichomo. Kwenye lithiamu, kuongeza saa maana yake ni kununua betri nyingine nzima, kila seli na vyake. Ndiyo maana kadiri saa za kuhifadhi zinavyorefuka, ndivyo vanadiamu inavyozidi kuwa na maana. Kwa akiba ya saa moja au mbili, lithiamu inaishinda bila ubishi.

Saa ndefu ndizo zinazosumbua umeme wa asili. Kenya, usiku wa manane watu wakiwa wamelala, upepo wa Turkana bado unavuma na mvuke wa Olkaria bado unatoka ardhini, ila wa kuutumia hakuna. Mahitaji makubwa yanarudi jioni, watu wanapopika, wanapopiga pasi na kuwasha televisheni. Kuuvusha umeme kutoka saa nane za usiku hadi saa moja jioni kunahitaji chombo chenye subira. Myeyusho wa vanadiamu ukiwa umekaa matangini na pampu zimezimwa, haupotezi karibu chochote.

Japani walianza mapema. Mwaka 2015 kisiwani Hokkaido, kampuni ya Sumitomo Electric ilifunga betri ya vanadiamu ya megawati 15 inayohifadhi megawatisaa 60, ili kutuliza kuyumba kwa umeme wa upepo na jua. China ikaja na kubwa zaidi huko Dalian, iliyounganishwa na gridi mwaka 2022, megawati 100 kwa saa nne. Hizo ni uniti laki nne. Kwa hesabu yetu ya madumu, ni kama madumu laki nane.

Faida mbili nyingine ningependa zijulikane zaidi. Ya kwanza ni moto. Myeyusho huu ni maji na asidi, hauwaki. Betri za lithiamu zikipata hitilafu, seli moja hupasha joto ya jirani yake, nayo jirani yake, na moto wake hauzimiki kwa urahisi. Januari 2025 kituo cha betri za lithiamu cha Moss Landing, California, kiliungua na wakazi zaidi ya elfu moja wakaambiwa wahame. Ni haki kusema kwamba lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, ambayo siku hizi ndiyo inayofungwa zaidi kwenye sola, ni tulivu kuliko ile iliyoungua pale, tena haina kobalti, metali inayochimbwa Kolwezi nchini Kongo. Lakini tulivu na isiyowaka ni mambo mawili tofauti.

Ya pili ni umri. Ndani ya lithiamu, chembe zinaingia na kutoka katikati ya tabaka za kitu kigumu. Tabaka zinavimba na kunywea kila siku hadi zinachoka. Betri ya kwanza ya sola niliyofunga nyumbani, ya risasi, ilikufa kwa uchovu wa namna yake mwaka wa tatu, na najua uchungu wa kuchangisha pesa za nyingine. Ndani ya vanadiamu hakuna kitu kigumu kinachovimba. Utando na pampu zitachakaa na kubadilishwa, lakini myeyusho wenyewe baada ya miaka 20 unaweza kunyonywa na kumiminwa kwenye mashine mpya.

Mabaya yake hayafichiki. Ukiingiza uniti 100 utarudishiwa kama 70 hadi 80, wakati lithiamu hurudisha karibu 90. Joto likizidi nyuzi 40 ile njano inaanza kuganda na kuziba njia, kwa hiyo sehemu za joto kali kama Lodwar, Kenya, au Muscat, Oman, lazima uweke ubaridi, na ubaridi nao unakula umeme. Zaidi ya yote ni bei. Pakiti ya lithiamu iliyouzwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti ya akiba mwaka 2010, mwaka 2024 ilikuwa imeshuka hadi kama dola 115. Vanadiamu haijashuka hivyo, na bei yake inafuata soko la nondo. Mwaka 2018 China ilipokaza viwango vya nondo, bei ilipaa, na wenye mipango ya betri wakaachwa wakihesabu upya. Ndiyo maana baadhi ya kampuni hukodisha myeyusho badala ya kuuuza.

Jambo hili linatugusa kwa karibu kuliko wengi wanavyojua. Liganga, wilayani Ludewa mkoani Njombe, kuna mlima wa chuma unaozungumzwa miaka nenda miaka rudi. Chuma kile kina titaniamu, na kina vanadiamu. Ni mwamba wa aina ileile inayochimbwa Panzhihua nchini China na Bushveld nchini Afrika Kusini, sehemu mbili kati ya zile zinazolisha dunia vanadiamu. Kwa kawaida vanadiamu haichimbwi peke yake. Chuma kinayeyushwa, vanadiamu inabaki kwenye mavi ya chuma, yale mabaki yanayotengwa na chuma wakati wa kuyeyusha, na humo ndimo inamotolewa. Kwa hiyo jiwe la Liganga likiuzwa ghafi kwa bei ya chuma, vanadiamu inaondoka nalo. Ningefurahi sana kuona kila mkataba wa mlima ule ukitaja mavi ya chuma kwa jina, yatakuwa ya nani na yatasafishwa wapi.

Kwa mwenye nyumba anayeuliza afunge ipi, jibu ni lithiamu ya chuma na fosfeti, kwa nyumba ya kawaida yenye taa, friji na televisheni. Matangi, pampu na asidi uani havimfai mtu mwenye watoto na uwanja mdogo. Vanadiamu iulizwe na hospitali ya wilaya, kiwanda, au kijiji chenye gridi yake ndogo ya sola kinachotaka umeme ufike alfajiri. Hao waanze na swali la saa ngapi wanataka, kabla hawajauliza kilowati ngapi.