Commodore 64: Usitazame kasha, soma bodi

Mafundi wengi hapa Moshi watakuambia Commodore 64 (kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980) yenye kasha bapa jeupe ni toleo jipya, na yenye kasha nene la kahawia ni ya zamani. Si kweli. Kasha bapa lilitoka 1986, lakini mengine yalifungiwa bodi (ubao wa ndani wenye chipu) za zamani, na makasha hubadilishwa. Fungua skrubu za chini, futa vumbi, usome namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe: 250407 ni ya miaka ya mwanzo, 250469 ndiyo ile fupi ya mwisho. Hapo usikosee! Bodi fupi huilisha chipu ya sauti 8580 kwa volti 9. Za awali huilisha 6581 kwa volti 12. Ukipachika 8580 kwenye bodi ya volti 12, utaiunguza, nayo haitengenezwi tena.