Dripu ya mwisho imeisha, faili lako bado liko wazi

Kila Oktoba, kampeni ya saratani ya matiti inapopamba moto hapa Dar es Salaam, wananchi huhimizwa kwenda kupima. Ni jema. Mwaka huu sisi tunaowahudumia wagonjwa tunaomba kusema pia na waliokwishamaliza kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Siku ya dripu ya mwisho wanapiga picha, wanaagana na wauguzi, halafu kimya. Wengine tunawaona tena uvimbe ukishatokeza kwapani.

Tuanze na wiki zinazofuata. Chembechembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, kwa kawaida hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, na mzunguko wa mwisho una hatari ileile ya mizunguko iliyotangulia. Homa ikifika nyuzi 38 ni dharura. Tatizo ni kwamba mjini kwetu kila homa ni malaria: mtu ananunua dawa mseto duka la dawa, anaongeza panadol, analala. Panadol inashusha joto, maambukizi yanaendelea kama kawaida. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini ipimwe hospitali pamoja na picha nzima ya damu. Nenda idara ya dharura hata kama ni usiku, usisubiri siku ya kliniki, na neno la kwanza kwa muuguzi liwe tarehe uliyopata kemo. Ndugu anayekusindikiza aijue pia.

Sasa tarehe ya kurudi. Damu ipimwe mapema ili majibu yawe tayari. Njoo na kadi ya kliniki, kadi ya bima iliyo hai kama unayo, barua ya rufaa, na majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa) kutoka maabara, maana hayo ndiyo yanayoonyesha kama uvimbe wako unaitikia homoni. (Karatasi hii mara nyingi tunaambiwa iko kwa shangazi Mbagala.) Ukikosa tarehe hutozwi faini wala hufukuzwi. Ila nafasi yako ya mionzi inaweza kupewa mwingine, na ukichelewa miezi, huenda vipimo vikarudiwa na faili likarudi kwa jopo la madaktari kupangwa upya. Gharama hiyo ni yako au ya bima yako, na muda uliopotea haurudishwi na yeyote.

Kisha tamoxifen, kidonge kinachozuia homoni ya estrojeni isichochee saratani. "Daktari alisema nimemaliza." Alisema umemaliza kemo! Kwa aliyeandikiwa kidonge hiki, ni kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10. Majani ya mstafeli hayachukui nafasi yake; tumeshalijibu swali hili mara nyingi mno. Na hedhi kukatika si uzazi wa mpango. Mimba inaweza kuingia, na tamoxifen inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Tumieni kondomu, au muulize daktari kuhusu kitanzi cha madini ya shaba. Njia zenye homoni hazifai kwa aliyeugua saratani ya matiti.

Nywele kwa kawaida huota zenyewe. Ganzi ya vidole inaweza kukaa miezi, kwa hiyo angalia jiko la mkaa na maji ya moto, unaweza kuungua bila kuhisi. Aliyepata ile dawa nyekundu, doxorubicin, akiishiwa pumzi kwenye ngazi au miguu ikivimba, amweleze daktari kwamba aliitumia, hata ikiwa miaka imepita, kwa kuwa inaweza kudhuru moyo.

Kliniki za ufuatiliaji kwa kawaida ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya mwanzo, kila miezi 6 hadi 12 kwa miaka 2 inayofuata, kisha mara moja kwa mwaka. Unayerudi mkoani, omba muhtasari wa matibabu wenye majina ya dawa, idadi ya mizunguko na jumla ya dozi. Uombe ukiwa bado kliniki, si kwa simu ukiwa umeshakata tiketi stendi ya Magufuli.