Kwa nini jiji la Marekani linaajiri tabibu wa akili na kumtuma mtaani?

Ukipiga 911 katika jiji la Albuquerque, jimbo la New Mexico, anayekuja si lazima awe polisi au zimamoto. Jiji hilo lina idara ya tatu ya dharura, Albuquerque Community Safety, iliyotangazwa na Meya Tim Keller mwaka 2020 na kuanza kuitikia simu mwaka uliofuata. Watumishi wake hawabebi bastola. Wanakwenda kwa mtu anayefoka peke yake kituo cha basi, au kwa mzazi ambaye mwanawe amejifungia chumbani na hataki kusema na mtu. Hatari ikiwa kubwa zaidi, kwa mfano mtu ameshika kisu au ametishia kujiua, hutumwa timu ya watu wawili: askari, na pembeni yake tabibu wa afya ya akili mwenye leseni.

Serikali ya jiji tunaijua kwa maji, barabara na taka. Imefikaje kuwalipa mishahara matabibu wa akili?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa takriban 559,000. Dawa mpya zilipopatikana, na mateso ya ndani ya hospitali zile yalipoanikwa hadharani, zikaanza kupunguzwa na kufungwa. Oktoba 1963 Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na makazi ya watu. Wagonjwa wakatoka, lakini vituo vingi vilivyoahidiwa havikujengwa. Familia ikizidiwa usiku wa manane, kilichobaki ni simu ya 911, na kwa miaka mingi aliyekuja na 911 alikuwa askari.

Albuquerque ililijua hilo kwa uchungu. Machi 2014 polisi walimkabili James Boyd, mtu asiye na makazi aliyekuwa na ugonjwa wa akili, akiwa amepiga kambi mlimani pembeni ya jiji mahali pasiporuhusiwa. Alikuwa na visu. Baada ya saa kadhaa za mabishano alipigwa risasi akafa, na video ikaonekana dunia nzima. Mwezi uliofuata Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti kwamba polisi wa jiji hilo walikuwa na mazoea ya kutumia nguvu kupita kiasi, ikiwemo dhidi ya watu wenye matatizo ya akili. Idara mpya haikuzuka siku moja, ila kifo kile hakikusahaulika.

Sasa, kwa nini leseni? Je, haitoshi mtu mwenye huruma na subira? Huruma inahitajika sana, na wahudumu wengi wa idara hiyo wanafanya kazi nzuri bila kuwa matabibu wenye leseni. Lakini kuna uamuzi mmoja mzito: huyu abaki nyumbani, au apelekwe hospitali hata kama hataki? Kumnyima mtu uhuru wake, hata kwa siku moja, ni jambo kubwa. California, kwa mfano, kifungu cha sheria namba 5150 kinaruhusu mtu azuiliwe kwa uchunguzi hadi saa 72 iwapo, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, au hawezi kujitunza. Wanaoruhusiwa kuamua hivyo ni polisi na wataalamu walioidhinishwa. Katika jimbo hilo, afisa ustawi wa jamii anayetaka leseni ya kutibu anatakiwa awe na shahada ya uzamili, kisha saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, na mitihani. Akikosea, anajibu mbele ya bodi inayoweza kumnyang'anya leseni.

Mimi naamini thamani kubwa ya tabibu huyu iko kwa wale ambao *hawapeleki*. Mtu asiye na mafunzo akiogopa, atachagua pingu au ambulansi ili asije akalaumiwa. Mwenye mafunzo anaweza kukaa na hofu hiyo na kuuliza.

Na anauliza waziwazi. Kwanza anaomba taa za gari zizimwe na asemaye awe mmoja tu. Anasimama kwa pembeni, asizibe mlango. Kisha: "Umetamani ulale usiamke tena?" "Umewaza kujiua?" "Umefikiria utafanyaje?" "Umeshaanza kujiandaa?" Kila jibu linaongoza swali linalofuata, na tofauti kati ya kutamani kutoamka na kuwa umeshajiandaa ndiyo inayoamua mengi. Wengi wetu tunaogopa kwamba ukimtajia mtu kujiua utampandikizia wazo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Mara nyingi mtu hupumua, kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza.

Akibaki nyumbani, wanaandika mpango wa usalama pamoja, kwa maneno yake mwenyewe: dalili gani zinamwonya kwamba hali inakuja, nini humtuliza, nani wa kumpigia. Kisha swali lisilokwepeka Marekani: bunduki ya nyumbani itakaa kwa nani wiki hizi? Mara nyingine kaka anaichukua. Hatua hiyo ndogo huokoa maisha, kwa sababu wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupita, na risasi haitoi nafasi ya pili.

Denver walianza mpango unaofanana na huo Juni 2020, uitwao STAR, wa gari lenye tabibu wa akili na mhudumu wa dharura. Katika miezi sita ya kwanza waliitikia simu 748, na hakuna aliyekamatwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta taarifa za makosa madogo zimepungua kwa asilimia 34 katika maeneo waliyofika. Eugene, Oregon, ndiko wazo hili lilikotangulia: mpango wa CAHOOTS ulianza mwaka 1989, ukiendeshwa kwa mkataba na kliniki isiyo ya serikali. Aprili 2025 huduma yake mjini humo ilikoma kwa sababu ya fedha. Ndiyo maana napendelea mfano wa Albuquerque. Bajeti ya jiji nayo hukatwa, lakini idara yenye wafanyakazi wake haifutiki kirahisi kama mkataba.

Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wamepewa makazi katika miji ya Marekani, na kwao mkalimani ni sehemu ya tiba. Mama akisema mwanawe anasumbuliwa na majini, tabibu makini haandiki haraka kwamba familia nzima imechanganyikiwa. Anauliza ilianza lini, analala saa ngapi, anakula, anasikia sauti zikimwamuru afanye nini. Asitafsiri mtoto wa nyumba hiyo. Hakuna mtoto anayepaswa kumuuliza mama yake kama anataka kufa. Ukiwa Marekani, unaweza pia kupiga 988, namba ya msaada iliyoanza Julai 2022, usiku na mchana. Sema "Swahili" mara tu unapojibiwa, na usubiri waunganishe mkalimani.