Una Kidonda cha Mguu na Kisukari? Figo Nazo Zipimwe

Mwenye kisukari akifika kliniki na kidonda mguuni, kila jicho huenda kwenye kidonda. Kitasafishwa, kitafungwa, ataandikiwa dawa. Figo husahaulika, ilhali sukari iliyotia ganzi nyayo na kuziba mishipa ya damu ya mguu ndiyo hiyohiyo inayoharibu vichujio vya figo.

Figo haziumi zinapoharibika. Mtu huweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake akiwa anatembea na kufanya kazi kama kawaida, na miguu ikianza kuvimba, lawama hupewa kidonda. Ndiyo maana tunasisitiza vipimo viwili: mkojo, kuangalia protini iitwayo albumini, na damu, kupima kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja, ili kukadiria kasi ya figo kuchuja. Kasi ikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika, au albumini ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, na hali hiyo ikadumu miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Kwa kawaida vipimo hivi hufanywa kila mwaka. Mwenye kidonda asisubiri mwaka uishe.

Figo zikidhoofika, kidonda nacho hugoma kupona: damu hupungua, maji hujaa mwilini, kinga hushuka, mishipa ya damu hukakamaa kwa chokaa (madini ya kalsiamu). Chokaa hiyo huweza hata kupotosha kipimo cha presha kwenye kifundo cha mguu, kikaonyesha damu inafika vizuri kumbe haifiki. Presha ya kidole gumba cha mguu huaminika zaidi. Wanaosafishwa damu kwa mashine wamo katika hatari kubwa kabisa ya kukatwa mguu, hivyo miguu yao ikaguliwe na mtaalamu angalau kila baada ya miezi 3, hata kama haina jeraha.

Kinachotutia hofu zaidi ni dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hujinunulia kutuliza maumivu, huumiza figo zilizokwisha kuchoka. Sindano ya gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, nayo huhitaji uangalifu mkubwa. Metformini, dawa ya kisukari, husimamishwa kasi ya figo ikishuka chini ya 30. Insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi figo zinapofeli, basi sukari huanza kushuka yenyewe; mgonjwa hufurahi akidhani amepata nafuu, na hapo ndipo anapoweza kuzimia. Sukari ikishuka bila sababu unayoijua, mwambie daktari.

Kidonda kikipata maambukizi makali, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache. Homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa au mkojo kupungua ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Ukifika, mtajie mhudumu dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo, na majibu yako ya mwisho ya kreatinini. Kama huna majibu hayo, omba damu ichukuliwe papo hapo, huku matibabu ya kidonda yakiendelea.