Kutafuta mimba baada ya miaka 35: maswali na majibu

Nina miaka 38 na hedhi yangu haijawahi kuruka mwezi. Kwa nini sishiki mimba?

Hedhi yenye mpangilio inaonyesha kwamba kwa kawaida yai linapevuka, lakini ubora wa yai hauonyeshi. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2. Akivunja ungo hubaki kama 300,000 hadi 400,000, na hayaongezeki tena. Kuanzia miaka 35 hivi yanapungua kwa kasi, na mengi ya yanayobaki yana kasoro za vinasaba. Ndiyo maana mimba huchelewa, na zinazotunga huharibika mara nyingi zaidi. Hata hivyo, wapo wengi wa umri wako wanaoshika mimba bila msaada wowote.

Dawa za kusafisha kizazi je?

Hakuna dawa inayoongeza mayai. Zile za kuweka ukeni zinaweza hata kukuletea maambukizi. Hela hiyo ipelekeni maabara.

Tujaribu kwa muda gani?

Aliye chini ya miaka 35, mwaka mmoja. Wewe, miezi 6. Aliyefika 40 amwone daktari mapema, asisubiri. Na kujaribu maana yake ni kukutana kila baada ya siku mbili tatu: yai likitoka haliishi zaidi ya saa 24, wakati mbegu zinaweza kukaa hadi siku 5, kwa hiyo ni heri mbegu zitangulie.

Nilikuwa natumia sindano ya miezi mitatu. Imeniharibu?

Haijakuharibu, inachelewesha tu. Kutoka sindano ya mwisho inaweza kuchukua miezi 10 au zaidi kabla ya kushika mimba. Kwa umri huu miezi hiyo ni mingi, hivyo anayepanga mtoto abadili njia mapema.

Mume wangu ana watoto tayari. Naye apimwe?

Apimwe, tena mwanzoni kabisa. Mtoto aliyezaliwa miaka kumi iliyopita hathibitishi mbegu za leo. Inatosha akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, kisha atoe mbegu kwenye kikopo cha maabara. Cha ajabu, mara nyingi mama anakuwa ameshapigwa ultrasaundi ya uvimbe na picha ya mirija, na baba hajakanyaga maabara.

Nianze na nini leo?

Foliki asidi (aina ya vitamini), mikrogramu 400 kila siku. Pima presha na sukari. Kama tayari unameza dawa za presha, usiziache mwenyewe. Mwambie daktari unatafuta mtoto, kwa sababu baadhi hubadilishwa kabla mimba haijatunga.